Namba za Kipande cha Nne

Tangu kiharusi kimlaze kitandani, majirani walimwita Mkurugenzi. Jina lilianza kwa utani, maana aliendesha shamba zima akiwa amelala chali, simu mkononi, utadhani ana ofisi na makarani. Mwenyewe alilipenda. Mkono na mguu wake wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, ulimi ulikuwa mzito ingawa ulieleweka, na kazi zote zilizobaki alikuwa ameufundisha mkono wa kushoto. Miguu yake ilikuwa ni mkewe, ambaye sokoni walimjua kama Mama Hoho kwa ajili ya pilipili hoho zake.

Shamba lao lilikuwa mwendo wa robo saa kutoka nyumbani, limegawanywa vipande saba, vyote hoho. Maji yalitoka kwenye mfereji wa chama cha wakulima kwa zamu, Jumatatu na Ijumaa. Yalijazwa kwenye tangi, na kutoka hapo yakashuka kwa mipira yenye matundu madogo yanayodondosha tone moja moja kwenye shina la kila mche. Tangi likijaa lilitosha vipande vitatu, vinne ukibana sana. Kwa hiyo kila zamu ilikuja na swali lile lile: nani anywe, nani asubiri.

Swali hilo ndilo lililowaletea vijiti. Fundi wa chama, dada mmoja mwenye pikipiki na maneno machache, alikuja wakati wa mvua akachomeka kijiti kimoja katika kila kipande, kina cha shubiri mbili. Kijiti kilipima unyevu wa udongo na kupeleka habari hewani, bila waya, hadi kwenye kisanduku kilichofungwa juu ya paa la ghala la shambani, na kisanduku nacho kikazituma kwenye simu ya Mkurugenzi nyumbani. Kila siku saa moja asubuhi alizisoma kwa sauti ya mtu wa redio: cha kwanza ishirini na nane, cha pili ishirini na tano, hadi cha saba. Namba ikishuka chini ya ishirini, kipande kina kiu. Mama Hoho alisikiliza huku akijifunga kitambaa kichwani, kisha akaenda kufungua koki alizoambiwa. Siku vijiti vilipofungwa, mumewe aliomba chai ya pili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke hospitali.

Walikuwa pia na neno jingine lililowakaa kooni. Ardhi ile ilikuwa ya marehemu baba yake Mkurugenzi, na mdogo wake, yule ambaye Mama Hoho alimwita shemeji, alikuwa na haki nayo. Baada ya kiharusi shemeji aliitisha kikao cha familia, akasema mwanamke mmoja hawezi kubeba vipande saba na mgonjwa juu yake. Aliwapa msimu huu mmoja. Hoho zikifa, shamba angelichukua yeye, nao wangehamia vyumba viwili vya uani kwake, ambako angewatunza. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Mama Hoho. Vyumba vyenyewe alikuwa ameshavipaka rangi.

Kiangazi kilipoingia wiki ya tatu, kipande cha nne kilianza kunyong'onyea. Mara ya kwanza Mama Hoho aliona majani yamelala saa za mchana, akadhani ni jua tu. Siku ya pili yalikuwa yamelala tangu asubuhi. Siku ya tatu maua yalikuwa yamepukutika chini ya miche kama punje za mchele uliomwagika, na vitunda vidogo, ukubwa wa kidole gumba, vilikuwa vimekunjamana. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe. Mkurugenzi akaitazama simu, akasema cha nne kina thelathini na moja, ndicho kinachoongoza kwa maji shamba zima, na kama majani yanalala basi ni ugonjwa wa mizizi unaoletwa na maji kuzidi. Akamkataza kabisa asifungue koki ile.

Mama Hoho hakuridhika, lakini alitii. Alijiambia kijiti kinaona kule ambako jicho lake halifiki. Ijumaa alinywesha cha kwanza, cha tatu na cha saba kama alivyoagizwa. Jumatatu akanywesha cha pili, cha tano na cha sita. Kila alipopita kando ya kipande cha nne aligeuzia uso upande mwingine, kama mtu anayempita mdai wake.

Jumatano chama kilituma ujumbe kwa wakulima wote: mto umeshuka mno, zamu ya Ijumaa ndiyo ya mwisho, na kuanzia Jumamosi mfereji utafungwa siku kumi.

Alhamisi asubuhi Mama Hoho alipiga magoti katikati ya kipande cha nne akaanza kufukua kwa vidole. Alifukua hadi kwenye kifundo cha mkono, hakukuta ubaridi. Akafukua hadi kwenye kiwiko, shubiri mbili kamili, karibu kabisa na kijiti chenyewe. Alichochota kilimpita katikati ya vidole kama unga. Alikaa pale chini, mikono mapajani. Kijiti kimeharibika, aliwaza. Akaitoa simu yake ndogo ya vitufe mfukoni akampigia dada fundi, kwa mara ya kwanza bila kumwambia mumewe.

Dada fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "kwangu sioni kitu chochote kutoka kwenu tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Kisanduku chote kimezima, vipande vyote saba. Nilimpigia mzee siku ile ile. Aliniambia mmekishusha wenyewe mkitengeneza paa, nisijisumbue."

Hakuna paa lililotengenezwa. Mama Hoho aliburura ngazi hadi ghalani, akapanda. Waya uliotoka kwenye paneli ya sola kwenda kwenye kisanduku ulikuwa umetafunwa na panya, umebaki vipande viwili na vumbi jekundu la plastiki katikati. Alishuka polepole akihesabu kwenye vidole. Jumanne ya wiki iliyopita hadi leo, siku tisa. Na kila moja ya siku hizo tisa, saa moja asubuhi, alikuwa amesomewa namba.

Njiani hakuijua ardhi aliyoikanyaga. Alikuwa amebeba udongo wa kipande cha nne kwenye kitambaa cha kichwa, ameufunga fundo. Alimkuta mumewe ameegemea mito, dirisha wazi, simu kifuani. Mama Hoho alivuta kigoda akakaa, akamwomba amsomee tena namba za leo, akisema amezisahau.

Mkurugenzi akainua simu karibu na macho akazisoma. Cha kwanza ishirini na mbili. Cha pili ishirini na saba. Alizisoma bila kusita na kwa sauti ile ile, hata akakohoa kidogo baada ya cha tatu kama alivyozoea. Mama Hoho alimwacha afike mwisho. Alitamani akosee, ajikwae, amwonee huruma. Hakujikwaa.

"Nipe hiyo simu," akasema.

Mumewe akaishusha, akaiingiza chini ya paja lake, upande ule uliokufa, akaikandamiza kwa mkono mzima. Mama Hoho akafungua fundo la kitambaa akaumwaga ule udongo juu ya shuka, mbele yake. Haukuwa na bonge hata moja.

"Hiyo ndiyo thelathini na moja yako."

Mkurugenzi aliutazama. Kisha akaitoa simu mwenyewe akampa. Namba za vipande vyote saba zilikuwepo, na chini yake maandishi madogo mekundu yaliyosema zilipokelewa mara ya mwisho Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika sita asubuhi.

Alianza kueleza, na ulimi ulimsaliti, maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Alisema siku ya kwanza alidhani ni mtandao. Siku ya pili alijua ni kisanduku, lakini mdogo wake alikuwa amepita jioni kumjulia hali na kusema kwa kicheko kwamba siku mitambo hiyo ikigoma ndipo watakapojionea. Akaogopa habari kusambaa. Akasema kuna jambo jingine pia, na hapo akageuzia uso ukutani. Aliogopa kwamba saa moja ikifika bila namba, mkewe ataamka, atafunga kitambaa, ataenda shambani, na kila kitu kitakwenda vilevile bila yeye.

"Sikubahatisha hovyo," akasema. "Udongo ule nimeukanyaga miaka thelathini na nne. Najua kipande gani kinakauka lini. Angalia hivyo sita vingine, nimekosea wapi? Na cha nne ni mfinyanzi mtupu, kinashika maji kama mtungi. Cha nne hakijawahi kunitupa."

Mama Hoho alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Alikuwa na maneno ya siku tisa mdomoni. Lakini aliposikia hayo ya mwisho, akayaacha.

Mwaka jana, mumewe akiwa hospitalini wiki ya tatu, hata jina lake hajaweza kulitamka, mto ulikuwa umefurika usiku na mchana. Ulibomoa ukingo wa juu, ukapita katikati ya shamba, ukalala pale siku mbili. Ulipoondoka, udongo wa kipande cha nne ulikuwa umekwenda na maji, na mahali pake pamelala mchanga mweupe unaofika magotini. Mama Hoho aliajiri watu wakausambaza, wakachanganya samadi, wakapiga matuta upya, na kwa juu kipande kikafanana na vingine. Daktari alikuwa amesema mgonjwa asipewe habari za kumshtua. Basi akawaonya wote, majirani na shemeji pia: mafuriko yasitajwe nyumbani. Mumewe alipotoka hospitali, akajiambia atamweleza akipata nafuu. Alipopata nafuu akaona haya kwamba amechelewa. Na vijiti vilipoletwa alishusha pumzi, akawaza kwamba sasa hapana haja, kijiti kitajisemea chenyewe. Lakini wakati ule mvua zilikuwa zinanyesha na kila kipande kimelowa. Jua lilipokaza kiasi cha mchanga kujitokeza kwenye namba, panya walikuwa wameshautafuna waya.

Alimweleza yote hayo akiwa amekaa pale pale kwenye kigoda. Alipomaliza, mumewe akaanza kuuchambua ule udongo juu ya shuka kwa kidole, punje moja moja, mpaka akawa na hakika.

"Mwaka mzima," akasema.

"Mwaka mzima."

Hawakusemezana tena siku hiyo. Mama Hoho alikung'uta shuka nje, akampikia, akamlisha, akamgeuza ubavu. Alipokwenda kuosha vyombo alijikuta ameshika sufuria moja kwa muda mrefu, hajui amekwisha kuisugua au bado. Siku kumi bila mfereji, na tangi moja. Dada fundi, alipopigiwa tena, alikuwa amesema waya mpya utafika Jumanne. Hadi hapo hakukuwa na kijiti cha kuwaambia lolote, na yule pekee aliyekuwa na akili ya udongo ule kichwani alikuwa na picha ya shamba ambalo halipo tena.

Ijumaa aliamka mapema akaenda shambani na ndoo na vibakuli saba vya plastiki. Alifukua shubiri mbili katika kila kipande, karibu na kijiti, akajaza kibakuli, akakiwekea jani la hoho lenye mikwaruzo kuhesabu namba yake. Alivipanga ndani ya ndoo, akavifunika kwa kitambaa chenye maji visikauke njiani, akarudi karibu anakimbia. Alivipanga kitandani ubavuni mwa mumewe, upande wa mkono mzima.

"Niambie," akasema. "Nitakueleza kila kitu kilivyo, nawe uniambie."

Mkurugenzi aliingiza vidole katika cha kwanza. Aliufinya udongo kiganjani hadi ukawa tonge, akaufungulia kiganja, akautikisa, akautazama unavyopasuka. Alimuuliza maswali ambayo hakuwahi kumuuliza tangu augue: majani ya chini yana rangi gani, matunda ukubwa gani, kivuli cha mti wa jirani kinafika wapi sasa, mchanga wa mafuriko ulivuka hadi kipande gani. Ulivuka hadi nusu ya cha tatu, mkewe akamwambia, na hilo pia alikuwa amelificha. Mkurugenzi akafumba macho kidogo, kisha akaendelea na kibakuli kilichofuata. Jasho lilimtiririka. Walipofika cha nne hakukigusa, alikisogeza tu kando.

Uamuzi wake ulikuwa huu. Cha kwanza na cha pili vina uhai wa kufika siku kumi, ingawa vitaumia. Cha tano, cha sita na cha saba vina matunda makubwa na vinywe vya kutosha. Cha tatu kipewe ile nusu isiyo na mchanga tu. Cha nne kisipewe hata tone.

Mama Hoho alikataa. Cha nne ndicho kilichokuwa na maua mengi kuliko vyote, alisema, alikipandikiza yeye mche kwa mche, na bado kuna miche ya kijani upande wa chini. Angekipa hata robo ya tangi.

"Ukikipa, mchanga utayanywa yote, na Jumapili utakuwa pale pale," mumewe akasema. "Halafu utakuwa umeua na cha tano. Mama, kile kimekufa. Nimekiua mimi na wewe."

Maji ya mfereji siku hiyo yalikuja membamba kama mkia wa panya, na tangi halikufika hata robo tatu. Mama Hoho alifungua koki alizoambiwa, na ile ya cha nne akaizungushia kamba mafundo matatu ili mkono usimshawishi. Kisha akarudi nyumbani, akachukua maji ya kufulia na maji aliyomwogeshea mumewe, akaanza kuyabeba kwa ndoo hadi kipande cha nne, mwendo wa robo saa kwenda, robo saa kurudi, jua la saa saba likimchoma utosini. Kila mche alimwagia kikombe kimoja. Kikombe kilizama mchangani kabla hajainua mkono. Safari ya nne alijikwaa kwenye tuta, ndoo ikapinduka, naye hakuinuka kuiokota. Alilia pale pale amelala kifudifudi katikati ya miche, kilio cha mtu ambaye hategemei kusikiwa.

Shemeji alikuja Jumamosi. Alipitia shambani kwanza, na alipoingia chumbani uso wake ulikuwa umeshaamua. Alivikuta vibakuli vya udongo vimepangwa kitandani, maana Mama Hoho alikuwa amechota tena asubuhi hiyo, akawatazama wote wawili kama watu walioanza kurukwa na akili. Alianza kusema kwa upole kwamba amekiona kipande cha nne, na kwamba hamlaumu shemeji yake, mwanamke ana mwisho wa nguvu zake.

Mkurugenzi alimzuia kwa kuinua mkono wa kushoto. Ilimchukua muda kuyakusanya maneno, na Mama Hoho, aliyekuwa amezoea kumalizia sentensi zake, safari hii alijikaza akanyamaza.

"Namba zilikatika, nikazitunga," Mkurugenzi akasema. "Siku tisa. Yeye alitaka kukimwagilia, mimi nikamkatalia. Ukitaka kusema, sema na mimi."

Shemeji alikaa kwenye kigoda. Aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Baadaye akasema hatabadilisha aliyosema kikaoni, ila atasubiri vipande vilivyobaki vivunwe, ndipo waongee. Alipoondoka hakumaliza chai yake.

Jumanne dada fundi alifika na waya mpya, akaupitisha ndani ya bomba la chuma panya wasiufikie. Namba zilirudi. Alipokuwa anafunga begi aliuliza azitume kwa nani, na Mkurugenzi akajibu kabla mkewe hajafungua mdomo: kwa wote wawili. Mama Hoho alikuwa na simu ya vitufe, basi zikawa zinamjia kama ujumbe mfupi, saba kwa mstari. Wiki nzima mumewe hakuitazama ya kwake. Asubuhi saa moja ilipita kimya, naye alilala ameelekea ukutani.

Mfereji ulifunguliwa siku ya kumi na tatu badala ya kumi. Siku hizo tatu za ziada ziliua nusu ya kipande cha pili na zikapunguza ukubwa wa matunda ya vingine vyote. Cha tano, cha sita na cha saba vilivunwa. Familia ikakaa tena, na shemeji, baada ya maneno mengi, akachukua vipande vinne vya juu, kuanzia cha kwanza hadi cha nne. Vitatu vya chini akawaachia, na vyumba vya uani akasema vitapangishwa. Mama Hoho alitia sahihi.

Siku mbili kabla ya kukabidhi, mumewe aliomba kupelekwa shambani. Hakuwa amefika huko tangu augue. Walitumia karibu saa nzima kwa kiti cha magurudumu cha kuazima kwenye ile njia ya mabonde, mara mbili nusura wapinduke. Mama Hoho alimsimamisha kwenye ukingo wa kipande cha nne, penye miche mikavu ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuing'oa. Mkurugenzi alitazama kutoka tuta la kwanza hadi la mwisho. Kisha akauliza maji ya mafuriko yalifika wapi.

Mama Hoho alionyesha kwenye paja lake. Akaanza kumsimulia: jinsi alivyosikia ukingo ukipasuka, jinsi alivyoshikilia nguzo ya mlango wa ghala hadi mikono ikafa ganzi, jinsi alivyotoka pale akaenda moja kwa moja hospitali na tope miguuni, akaketi kando ya kitanda chake, mumewe akamwuliza kwa macho kuna nini, yeye akajibu hakuna kitu. Alisimulia bila kuruka chochote. Mumewe alikuwa amemshika upindo wa gauni kwa mkono wake mzima, na hakuuachia mpaka alipomaliza.